Nguvu za Fumo Liyongo

Njoro si mahali ambapo mtu angetazamia kukutana na Fumo Liyongo. Ni nchi ya ngano na shayiri, chini ya misitu ya Mau, na mwezi wa Julai baridi yake humfanya mtu wa pwani avae sweta mbili juu ya kanzu na bado meno yagongane. Nilikwenda huko kumtazama mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye yuasoma Chuo Kikuu cha Egerton, chuo kilichoanzishwa mwaka 1939 kuwa shule ya kilimo ya walowezi na kikawa chuo kikuu mwaka 1987. Mamake alinipakia haluwa, tende, achari ya maembe na salamu nyingi, na katika hayo yote salamu ndizo zilizokuwa nzito, kwa kuwa nusu yake ilikuwa makemeo.

Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri mpwa wangu alinichukua hadi mkahawa mmoja mjini, karibu na barabara, ambako yeye na wenzake hukutana kunywa chai. Niliwakuta vijana wanne juu ya meza moja. Mmoja alitoka Kano, upande wa Ziwa, mwingine ni Mkipsigis, na wawili ni wazaliwa wa pale pale Njoro. Mezani palikuwa na karatasi iliyopigwa mistari mithili ya daftari la duka. Upande mmoja yameandikwa majina ya majabari, na juu yameandikwa mambo ya kupimwa, yaani nguvu, mbio, akili na mahali pa udhaifu. Kila jabari alipewa alama juu ya kumi. Nilidhani ni kazi ya chuo. Kumbe ni ubishi ulioanza Alhamisi na haujaisha!

Kijana wa Kano alikuwa akimtetea Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mkuki haukuingia. Mmoja wa wale wa Njoro alikuwa na Superman wa Wamarekani. Mpwa wangu, Mungu amhifadhi, alikuwa peke yake na Fumo Liyongo. Na katika karatasi ile mstari wa Liyongo ulikuwa umefutwa na kuandikwa, ukafutwa tena, hata karatasi ikatoboka. Hawakuweza kumpa alama. Wakitazama siku aliyopuliza baragumu likapasuka, alistahili kumi. Wakitazama siku alizokaa gerezani akingoja mamake amletee tupa ya kukatia minyororo, walisema hata mbili ni nyingi. Mtu ambaye pumzi yake yapasua pembe hashindwi na pingu, na mtu ashindwaye na pingu hakupasua pembe.

Hapo mpwa wangu akanigeukia. Kwa adabu aliyofunzwa alinieleza kwamba yeye aliwaambia wenzake kuwa Liyongo aliikata minyororo kwa mikono mitupu, lakini wenzake wakamtolea kitabu cha shule ambamo mkate na tupa vimetajwa waziwazi, wakamcheka siku mbili. Akauliza kama kitabu kimekosea. Nilijua vyema alikoyapata maneno ya mikono mitupu. Aliyapata kwangu. Alikuwa na umri wa miaka sita, usiku umekwenda, nami nilitaka alale. Habari ya mkate ni ndefu, na mtoto angeuliza maswali mia kuhusu mkate. Nikauruka. Nikamvunjisha Liyongo minyororo kama kijiti, mtoto akalala, na mimi nikaenda zangu barazani.

Nilikiri mbele yao wote. Wale vijana walikuwa waungwana, hawakucheka. Lakini mpwa wangu aliinamia kikombe chake, nami nikaona kwamba nina deni. Nikaahidi kuandika maisha ya mtu yule kama nilivyoyapokea kwa wazee na kama yalivyo vitabuni, pamoja na mkate.

Basi kwanza tujue tunasema juu ya nani. Fumo Liyongo ni mtu wa nchi ya Pate, ya Shanga na ya mwambao ulio mkabala, hadi Ozi na Kipini ambako mto Tana huingia baharini. Fumo ni cheo cha kale, maana yake mfalme au mkuu. Wakati alioishi haujakubaliwa. Wako wataalamu wanaomrudisha nyuma sana, karne nyingi kabla ya Mreno kufika, na wako wanaomleta karibu na karne ya 17. Mji wa Shanga wenyewe, ulioko kisiwani Pate, ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15, na wachimbaji wa mambo ya kale walipoufukua katika miaka ya 1980 walikuta watu walikuwa wakiishi pale tangu karne ya 8. Kwa hiyo anayesimulia kwamba Liyongo alikuwako zama za Shanga ameacha mlango mpana mno.

Habari zake zimetujia kwa njia nyingi. Askofu Edward Steere alizipiga chapa mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili, pamoja na shairi la kujisifu linalonasibishwa na Liyongo mwenyewe, ambalo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule yule wa Al-Inkishafi, alilitia takhmisi. Kisha mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu, mwandishi wa khati, mchonga mbao na mpigaji muziki, aliutunga Utenzi wa Fumo Liyongo, na huo ndio uliosambaa zaidi. Mwaka 2004 wataalamu kadhaa, akiwemo Abdilatif Abdalla, waliyakusanya mashairi yanayosemwa kuwa ni yake. Kwa hivyo huyu si mtu wa kinywa kimoja. Kila mji ulimpokea ukamvisha nguo yake.

Tuanze na ugomvi, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa ugomvi na ndugu. Aliyetawala Pate ni Daudi Mringwari. Riwaya hazipatani juu ya udugu wao. Wengine husema ni wa baba mmoja na mama mbalimbali, wengine husema ni mtu na binamuye. Wanapatana kwamba Liyongo aliona ufalme ni haki yake, au watu waliona hivyo kwa niaba yake, jambo ambalo kwa mfalme ni baya zaidi. Alikuwa mrefu kupita kiasi, hodari wa upinde, na ulimi wake ulikuwa wa shairi. Watu walimpenda. Mringwari alikuwa na kiti lakini akikalia miiba.

Sasa siku ya baragumu. Walikuja Pate wageni kutoka bara, watu ambao leo twawaita Waorma na ambao tenzi za kale huwaita Wagala. Walikuja kwa biashara, wakawa wanakula kwa Mringwari, na katika mazungumzo akatajwa Liyongo na ukubwa wake. Wageni wakatamani kumwona. Akaitwa. Mwendo wa siku nne akaukata kwa siku moja, na alipofika karibu na mji akashika panda, yaani baragumu, akapuliza. Likapasuka. Akashika jingine nalo likapasuka. Mji ukataharuki, wageni wakaingiwa na hofu kabla ya kumwona. Alipoingia, akautua mkoba wake na kutoa vilivyomo: kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu, mafiga, vyombo vya nyumba nzima. Wale Waorma wakastaajabu hata wakataka mbegu yake iwe kwao, wakamwoza binti yao, akazaliwa mtoto wa kiume.

Wale vijana wa Njoro walilipenda sana jambo la mkoba. Kijana wa Kipsigis alitaka kujua kinu kile kilikuwa na uzito gani. Sikuweza kumsaidia. Ila nitasema hivi juu ya baragumu, kwamba si jambo lililotoka hewani. Kwetu siwa ni alama ya enzi. Siwa za Pate na Lamu, moja ya pembe ya ndovu na moja ya shaba, ni mashuhuri, na apulizaye siwa atangaza utawala. Basi mtu anayeikaribia Pate akipuliza panda hata zikapasuka, mbele ya wageni, mfalme akiwa amekaa kitini, anasema jambo ambalo kila aliyekuwapo alilifahamu. Na aliyelifahamu kuliko wote ni Mringwari.

Tangu siku hiyo mfalme akaanza kutafuta njia ya kumwondoa. Liyongo akahamia bara, msituni. Mringwari akawaahidi fedha Wasanye na Wadahalo, watu wa upinde waliokuwa wakiishi msitu ule ule, wamletee kichwa chake. Nao wakafanya urafiki naye, wakala kikoa, leo huyu atoe chakula, kesho yule. Mwisho ikaja zamu ya makoma. Kila siku mmoja wao alipanda mkoma kuwaangulia wenzake, na shauri lilikuwa kwamba siku Liyongo atakapokuwa juu ya mti, mikono ikiwa na kazi, wampige mishale. Zamu yake ilipofika hakupanda. Alikaa chini, akatwaa upinde wake, akayaangusha makoma kwa mishale mpaka wakashiba. Wakarudi kwa mfalme mikono mitupu, wakakiri kwamba hawamwezi.

Nataka msomaji atazame jambo hapa, kwa kuwa pale mkahawani nilisahau kuwatazamisha wale vijana. Katika kisa cha makoma nguvu hazikutumika hata kidogo. Kama ni mtu wa kubeba kinu na mafiga katika mkoba, si angeung'oa ule mkoma na kuwapiga nao? Msimulizi hakutaka. Alimpa akili na shabaha tu. Nguvu alikuwa amezitoa siku ya wageni, akazirudisha sandukuni.

Kisha akakamatwa. Alirejea Pate, akatiwa mikononi kwa hila, na hapo ndipo pingu na minyororo. Shauri la wakubwa likakata auawe. Kwa kuwa alikuwa mtu mkubwa aliulizwa analotamani kabla ya kufa, naye akaomba apigiwe gungu na mwao, ngoma za waungwana, na watu wote wahudhurie. Usiku akiwa kifungoni alikuwa akiimba, na walinzi wakimsikiliza. Mamake alikuwa na kijakazi jina lake Saada, aliyemletea chakula kila siku, na kila siku walinzi wakakila kizuri wao na kumwachia makombo. Liyongo akatunga wimbo. Mlinzi akiusikia ni wimbo. Saada akiupeleka nyumbani, mama akafahamu kwamba mwanawe ataka mkate wa wishwa na ndani yake tupa. Mama akaoka mikate mizuri na mmoja wa wishwa. Walinzi wakaila ile mizuri, wakacheka, wakamtupia mfungwa mkate wa makapi. Usiku wa ngoma, vigoma vikilia na matari na watu wakiitikia nyimbo alizotunga yeye, alikuwa amekaa ndani akikata chuma kwa tupa, kiasi kwa kiasi, na hakuna aliyesikia. Alipotoka aliwaua walinzi, na mji mzima ukakimbia.

Huu ndio mkate nilioruka. Nilipokuwa nausimulia pale Njoro, baada ya miaka kumi na mitano, nilihisi haya kuliko nilivyotazamia, kwa sababu nilimnyang'anya mtoto sehemu nzuri kuliko zote. Nilimpa minyororo inayovunjika, nikamnyima mama, kijakazi, wimbo, na ujinga wa walinzi wenye njaa. Na mimi ni mtu ninayejiita mshairi!

Lakini swali la vijana lingali limesimama. Ikiwa kesi ya pembe ni kweli, kwa nini tupa? Mwenye Superman alisema kwamba kwao mambo haya pia yamo. Jerry Siegel na Joe Shuster walipomtoa mwaka 1938, Superman hakuwa akiruka angani kama ndege. Alikuwa akichupa tu, mchupo mkubwa, na kombora kali lingeweza kumuumiza. Baadaye kila mtungaji aliyeshika kalamu alimwongezea, mpaka akawa anaruka, mpaka akawa anasukuma sayari. Wakaona hadithi zimekwisha, maana nani atamtia hofu? Ndipo mwaka 1943, katika mchezo wa redio, likatiwa jiwe la kutoka sayari aliyozaliwa, ambalo likimkaribia humlegeza. Kijana yule alilieleza hili kama aibu ya watungaji, kwamba wanapandisha na kushusha wapendavyo. Mimi naona walifika palipofikwa na wazee wetu zamani, ila wao walifika wakiwa na haraka ya kuuza toleo la wiki.

Naye wa Kano hakuwa na raha zaidi, maana Lwanda Magere wake, mwenye mwili wa jiwe, aliozwa binti wa adui, wale wanaoitwa Lang'o, akaugua, akamwambia mke amchanje dawa kwenye kivuli. Kivuli kikatoka damu. Mke akakimbilia kwao na habari, na katika vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki, jabari akaanguka akawa jiwe, na jiwe hilo lingali linaonyeshwa huko Kano. Tena kijana wa Kipsigis alikaa meza moja naye, na Walang'o wa hadithi hiyo ni jamaa wa upande wake. Ilibidi chai iagizwe tena.

Katika chai hiyo ya pili ndipo jambo liliponijia, na naliandika hapa kwa kuwa sijalisoma mahali. Tulikuwa tukipima nguvu za Liyongo kwa kuuliza alifanya nini. Tupime kwa kuuliza alikuwa mbele ya nani. Mbele ya wageni kutoka bara, wasiomjua, nguvu zake hazina mwisho, pembe zapasuka na nyumba yatoka mkobani. Mbele ya Wasanye na Wadahalo, waliokula naye, ni mtu hodari wa mishale, basi. Mbele ya walinzi waliolala naye mlango mmoja, ni mfungwa mwenye sauti nzuri na njaa. Mbele ya mamake ni mtoto anayeomba mkate. Kadiri mtu alivyomkaribia ndivyo nguvu zilivyopungua. Na aliyemkaribia kuliko wote ndiye aliyemuua.

Mringwari, baada ya kushindwa na upinde na chuma, alimwita yule kijana aliyezaliwa na binti wa Waorma. Akamkirimu, akamwahidi cheo na kumwoza bintiye, kwa sharti amuulize babake ni kitu gani kiwezacho kumuua. Kijana akaenda. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alipofika hapa alikuwa akinyamaza kidogo na kutengeneza mtandio wake. Alitusimulia kwamba baba alijua. Alifahamu toka swali lilipotoka kinywani kwamba mwanawe ametumwa na amehadaiwa, na bado akamwambia, kwamba ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Tulikuwa tukimpigia bibi kelele kwa nini akamwambia. Hakutujibu hata siku moja.

Kijana akamngoja alale, akamchoma. Sindano tu, kitu cha kushonea, na mahali penyewe kitovu, palipomfunga mtu na mamake kabla hajazaliwa.

Liyongo aliamka. Akatwaa upinde na mshale, akatoka akielekea kisima cha mji, akapiga goti, akauvuta upinde, na roho ikamtoka akiwa katika hali ile. Waliokuja kuteka maji wakamwona amelenga, wakarudi mbio. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu mji una kiu, maji hayatekwi, na hakuna athubutuye kusogea. Akaombwa mamake aende kumbembeleza, naye akaenda akamwimbia, akidhani mwanawe ameghadhibika. Hakugeuka. Mwisho akaanguka, ndipo ikajulikana kwamba mji mzima ulikuwa umezuiliwa na maiti.

Kwa sisi tuliopita chuoni, hapa kuna kitu kinachogonga. Katika Sura ya Saba-i imo habari ya Nabii Sulayman, amani iwe juu yake, aliyefishwa akiwa ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu wakidhani yuawatazama, mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo na mwili ukaanguka. Na wasomao sira ya Antar bin Shaddad wajua kwamba naye, alipopigwa mshale wa sumu, alikaa juu ya farasi akiegemea mkuki, na maadui wakaogopa kumsogelea hali amekwisha kufa. Sithubutu kumlinganisha mtume na mtu mwingine. Nasema tu kwamba waliosimulia kisa cha kisima walikuwa watu waliosoma, na walijua wanakiweka wapi. Siku Liyongo alipokuwa hana nguvu hata ya kufumba jicho, ndiyo siku aliyoushinda mji kwa siku tatu.

Kijana wa Kano alilipinga shauri langu, na kwa haki. Alisema kwamba ikiwa nguvu hupungua kwa kadiri ya ukaribu, basi mama alitakiwa aweze kutambua pale kisimani, yeye aliye karibu kuliko wote, na hakutambua. Nilifikiri sana. Sina jibu, isipokuwa kwamba mama naye aliitwa na watu wenye hofu, akafika akiwa ameambiwa tayari kwamba mwanawe ana hasira. Pengine alimtazama kwa macho yao. Pia nilikiri kwamba sijaridhika na habari ya kukamatwa kwake. Hila gani iliyomtia pingu mtu yule mara ya kwanza, riwaya nilizozipokea zimelipita jambo hili mbiombio, na mimi si wa kulijaza. Nimekwisha kujaza mara moja nikaona matokeo yake.

Yule mwana hakupata kitu. Riwaya zinagombana tena, wako wasemao aliuawa na wale wale waliomtuma, na wako wasemao aliugua akafa. Zote zasema binti hakuozwa na ahadi hakutimiziwa. Liyongo mwenyewe alizikwa upande wa Ozi, na Kipini huonyeshwa kaburi lisemwalo kuwa lake. Nimefika hapo nikiwa kijana. Nilikuta watu wanabishana urefu wa kaburi kwa hatua za miguu, na kila aliyepima alipata hesabu yake.

Magharibi ilipokaribia mkahawa ukaanza kufungwa na mvua ikashuka kutoka Mau. Karatasi ile ilikuwa ingali mezani imelowa chai. Mwenye Superman aliikunja akaitia mfukoni, na nilimwona mpwa wangu akimnong'oneza jambo, lakini sikuuliza. Njiani kurudi chumbani kwake aliniuliza jambo moja tu, kama zile hadithi nyingine nilizomsimulia utotoni, ya Sultani Majinuni na ya Sungura na Simba, nazo ziliruka kitu. Nikamwambia ya Majinuni ni kamili. Ya Sungura nikaomba nipewe muda nikumbuke.

Asubuhi yake dada yangu akapiga simu kutoka Lamu kuuliza kama mtoto yu mzima na kama ameipenda haluwa. Haluwa nilikuwa nimeiacha mezani usiku. Wenzake walikuwa wamepita kumwamkia, wakaimaliza pamoja na tende, na mwenyewe alikuwa amebakiwa na achari.